Mvua Isiyozinduliwa

Hadithi hii haijazinduliwa. Kwa sheria za nchi ninayotaka kuwasimulia, maana yake haipo, na wewe uliyeishika huisomi. Basi tulia, tuendelee kutokuwepo pamoja.

Nchi yenyewe ni Jamhuri ya Utepe. Usiitafute kwenye ramani, kwa sababu ramani yake inasubiri mgeni rasmi. Ni nchi njema, yenye watu wakarimu na mkasi wa dhahabu kwenye nembo ya taifa, na katiba yake ina kifungu kimoja ambacho kila mtoto anakijua kwa moyo: Kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Ndiyo maana daraja la Mto Mgobe lilikamilika zamani za mababu na watu bado wanavuka kwa kuogelea chini yake, wakiinua macho kulisifu. Ndiyo maana bomba la soko kuu likianza kutiririka kabla ya hafla, akina mama hukinga ndoo huku wametazama pembeni, kama mtu anayemsikia mkwe wake akikoroma.

Mvua nayo haikusamehewa. Masika huzinduliwa kila mwaka na Mtukufu Kiongozi mwenyewe. Jukwaa hupambwa, bendi hupiga, utepe hukatwa chini ya wingu lililochaguliwa na kamati, na kuanzia hapo ni ruhusa kuloa. Vuli, maskini, haijapata kuzinduliwa hata mara moja. Si kwa chuki. Ni kwamba majira hayo Mtukufu Kiongozi huwa ng'ambo, kwenye mkutano wa kimataifa wa ukame. Kwa hiyo vuli hunyesha, lakini haipo. Watu hutembea mitaani wameloa chapachapa, nyuso zimekauka. Kufungua mwavuli ni uchochezi. Ukikutana na jirani maji yanamchuruzika puani, unamwambia, "Jua la leo kali," naye anakujibu, "Acha tu."

Katika nchi hiyo aliishi Sikudhani Mtengeti, mtafiti kijana wa Taasisi ya Ndege Waharibifu. Taasisi ilikuwa imezinduliwa, hivyo Sikudhani alikuwepo kihalali. Kiti chake kilikuwa bado, na kwenye taarifa za ofisi alihesabiwa kuwa amesimama. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia kwelea kwelea, vile vindege vyenye midomo myekundu vinavyoshuka shambani kama moshi na kuondoka vikiacha mabua yaliyonyolewa.

Alitumia programu iitwayo Chekeche. Chekeche haikuwa ya serikali wala ya kampuni. Iliandikwa na wanasayansi wa pembe zote za dunia, wengi wao hawajawahi kuonana, kila mmoja akiongeza kipande chake. Msimbo wake umeachwa wazi mtandaoni. Yeyote anaweza kuusoma, na akiona kosa anapeleka pendekezo la kulirekebisha. Wahakiki wawili wakilikubali, pendekezo linaunganishwa na kuwa mali ya wote. Mtafiti anailisha Chekeche vipimo vya mvua na nyasi, nayo inamwambia ndege watashuka bonde gani, wiki gani.

Mwaka uliotangulia Chekeche ilisema Bonde la Mgobe halitaguswa. Ndege hawakupata taarifa hiyo. Walikuja, wakala mtama wote wa vuli, wakaondoka bila kushukuru. Miongoni mwa waliobaki na mabua alikuwa Bi Tunu, shangazi yake Sikudhani, aliyemlea na kumsomesha kwa mtama wa shamba hilohilo. Safari hii Bi Tunu alipiga simu mapema.

"Siku, mwanangu, mtama umeanza kufunga punje. Hao ndege wa kwenye kompyuta yako wanakuja lini?"

"Kompyuta inasema hawaji, shangazi."

"Mwaka jana ilisemaje?"

"Hivyo hivyo."

"Uongo wote huo, mbona hamjaipa uwaziri?"

Sikudhani alicheka, lakini shangazi hakucheka.

"Sikiliza. Nitajie wiki tu, nijue lini nipande dunguni na debe langu la kuwatishia. Nikiamia ndege mwezi mzima nitakufa kwa kukosa usingizi. Nisipoamia nitakufa njaa. Nichagulie kifo, wewe ndiye msomi."

Na si shangazi peke yake. Kwelea hawafukuzwi na mtu mmoja. Ni lazima bonde zima lipande madunguni kwa pamoja, na bonde zima hupanda pale tu Wizara inapotoa Tahadhari, na Wizara hutoa Tahadhari kwa neno la Chekeche na si kwa neno la mpwa wa mtu.

Sikudhani alifungua msimbo akausoma mstari kwa mstari, kama mtu anayechagua mchele. Haikuchukua muda kuikuta changarawe. Chekeche ilipoona Utepe inapata mvua mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, ilidhani kipimo kimevuja, ikaitupa ile mvua yote. Aliyeandika mstari huo aliacha maelezo ya kiungwana pembeni: "Taarifa rasmi za nchi hii zinaonyesha mvua ni moja."

Akarekebisha. Akaambatanisha vipimo vya juu ya paa la Taasisi, akatuma pendekezo lake, kisha akakaa amejikunyata kwenye kiti kisichokuwepo, akisubiri kufukuzwa.

Jibu likaja kutoka nchi ya barafu, kwa mhakiki aitwaye Ingunn. "Karibu, Sikudhani! Asante kwa mchango wako wa kwanza. Kazi ni safi. Mimi nimekubali, bado mhakiki wa pili." Sikudhani alilisoma akarudia. Katika Utepe hakuna mtu aliyewahi kumshukuru kabla ratiba haijafika kwenye neno la shukrani.

Mhakiki wa pili alikuwa Teodoro, mtaalamu wa panzi kutoka nchi ya milima, mtu wa tahadhari. "Nakuamini," aliandika, "lakini serikali yenu inasema mvua ni moja, na kipimo cha paa moja hakitoshi kuipinga serikali nzima. Je, yuko mtu wa serikali anayeweza kuandika hapa, hadharani, kwamba vuli ipo?"

Sikudhani akatazama dirishani. Vuli ilikuwa inapiga vioo kama mdai. Akashusha pumzi.

Hakulazimika kumtafuta mtu wa serikali, maana serikali ilimtafuta yeye. Jina la nchi lilikuwa limeonekana mtandaoni bila bendi, na Wizara ya Sayansi, Uzinduzi na Mambo Yanayofanana na Hayo ikamwita.

Waziri, Mheshimiwa Ngwatu Pazi, alikuwa mnene mwenye sauti nzuri, mtu aliyepigiwa makofi muda mrefu mpaka masikio yamelainika. Paa la ofisi yake lilivuja. Sufuria zilipangwa juu ya zulia, na kila aliyeingia alizikwepa bila kuziona. Kando yake alisimama Bwana Machano, Mkuu wa Itifaki, ameshikilia jalada juu ya upara wake, mkao alioueleza kuwa ni saluti.

"Huu mradi wa Chekeche ni wa nani?" aliuliza Waziri.

"Wa wote, Mheshimiwa."

"Wote ndiyo nani? Mwenyekiti wao?"

"Hawana mwenyekiti."

"Mlezi?"

"Hawana."

"Mgeni rasmi, basi!"

"Kila mtu huja mgeni, Mheshimiwa. Akishafanya kazi anakuwa mwenyeji."

Bwana Machano akaguna. "Sasa huo ni uasi au ni harusi?"

"Na posho yao ikoje?" Waziri aliuliza kwa upole, kama daktari anayefika panapouma.

"Hakuna posho. Tunafanya bure."

Tone likaangukia sufuria: ting'. Bwana Machano akainama sikioni mwa Waziri na kunong'ona kwa sauti iliyofika mpaka mapokezi. "Mheshimiwa, mtu anayefanya kazi bure ni wa kuogopwa. Utamtishia kumnyima nini?"

Sikudhani akaona hapo ndipo pa kusemea. "Mheshimiwa, ndege wanakuja. Ninachoomba ni uandike mstari mmoja tu, kwamba vuli inanyesha."

"Vuli ipi?" Ting'. "Hapa mimi naona unyevunyevu wa kawaida." Ting', ting'. "Lakini mimi si mtu mbaya, binti. Umesema Chekeche ni ya wote. Na mimi si mmoja wa wote?"

"Ni mmoja, Mheshimiwa."

"Basi nami nina mchango wangu. Mchango huo ukiingia, nitaufikiria huo unyevunyevu wako."

Mchango wa Waziri ulikuwa huu: kabla Chekeche haijataja ndege yeyote, kwanza itambue uwepo wa Mtukufu Kiongozi, mawaziri, manaibu wao, wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, viongozi wa dini, wazee maarufu na wageni waalikwa. Itifaki ikishazingatiwa, ndipo itaje ndege, ikianza na wale wa ngazi ya juu. Sikudhani aliupeleka neno kwa neno, kama alivyoamriwa. Vyeo vya Waziri havikuenea kwenye nafasi ya jina, ikabidi aandikwe "Ngwatu" tu.

Kesho yake Ingunn alijibu. "Karibu, Ngwatu! Asante kwa mchango wako wa kwanza. Tafadhali eleza salamu hizi zinatatua tatizo gani. Nimezijaribu, na programu inakaa ikisalimia mpaka ndege wanamaliza kula." Chini ya maneno hayo mtu mwingine alikuwa ameweka picha ndogo ya kidole gumba.

Waziri alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Kaniita Ngwatu. Hivi hivi, kavu?"

"Ndivyo wanavyoitana, Mheshimiwa."

"Huyu Ingunn ana cheo gani?"

"Ni mwanafunzi. Anasomea vyura."

"Mwanafunzi wa vyura ananiuliza mimi natatua tatizo gani!" Akakaza macho. "Na hicho kidole kinaelekea wapi?"

"Chini, Mheshimiwa," Sikudhani alijibu, naye akiwa ameinamia hukohuko.

"Anaonyesha ardhi," aliwahi Bwana Machano. "Anasifu rasilimali zetu."

Lakini Waziri hakuwa mjinga, alikuwa amezoea tu. Mchana uliofuata alijileta mwenyewe Taasisi bila king'ora, akavuta kiti kisichozinduliwa, akaanza kumjibu Ingunn kwa vidole viwili. Alitetea salamu zake. Ingunn akamjibu kwa adabu kwamba hajaelewa. Akawaondoa wakuu wa wilaya. "Bora kidogo," aliandika Ingunn, "lakini bado." Akaondoa wageni waalikwa, akaondoa wazee maarufu. Bado. Siku moja, huku jasho likimtoka, akamwondoa Mtukufu Kiongozi mwenyewe, na Bwana Machano akalazimika kutolewa nje apepewe.

Jambo la ajabu likamtokea Waziri: akalipenda lile neno "bado". Alikuwa amepigiwa makofi kwa hotuba, kwa vikohozi, na safari moja kwa kudondosha kalamu, na makofi yote hayo hayakuwa yamemwambia kama alichofanya ni kizuri au kibaya. Sasa yuko mtu kando ya dunia, mwenye vyura wake wa kuwashughulikia, aliyesoma alichoandika mpaka mwisho. Alianza kulala mapema ili awahi majibu.

Hotuba ikapungua, ikapungua, ikabaki neno moja: "Karibuni." Ingunn akaandika: "Neno zuri, Ngwatu. Ila bado sioni linatatua nini."

Waziri akaegemea kiti. Sauti yake ikashuka. "Siku, mwanangu, wewe ulitatua tatizo gani mpaka wakakukubali siku ya kwanza?"

"Mvua, Mheshimiwa. Lakini mpaka sasa amekubali mmoja tu. Wa pili anamngoja mtu wa serikali."

Waziri akajifanya kukuna sikio. Simu ya Sikudhani ikaita. Mikono yake ilikuwa kwenye vipimo, akaibonyeza itoe sauti kwa wote.

"Siku! Ndege wameonekana vilima vya ng'ambo ya mto, ni wingu zima! Hiyo Tahadhari yenu iko wapi? Watu wananiambia wanangoja serikali."

"Shangazi, bado Waziri hajathibitisha kwamba vuli ipo. Halafu, shangazi..."

"Waziri gani? Huyo Ngwatu, mtoto wa marehemu Bi Semeni?"

"Shangazi, subiri, hapa kuna..."

"Nisubiri nini! Ngwatu nimeamia naye ndege dungu moja, wote tuna meno ya utoto. Mwoga wa radi huyo! Siku ile ilipopiga radi akashuka dunguni suruali imeloa tepetepe, watoto wa bonde zima wakataka kumcheka. Mimi ndiye niliyemsitiri. Nikawaambia ni mvua ya vuli imempiga. Sasa mwulize: kama vuli haipo, suruali ile iliroweshwa na nini?"

Bwana Machano, aliyekuwa amerudi kutoka kupepewa, aliutazama ukuta kwa heshima kubwa.

"Shikamoo, dada Tunu," alisema Waziri hatimaye, kwa sauti nyembamba.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ngwatu."

"Alaa! Ngwatu! Bora umesikia. Basi chagua mdogo wangu: vuli ipo, au ulijikojolea."

Mheshimiwa Ngwatu Pazi akasimama. Akaenda dirishani, akalifungua, akatoa mkono nje mpaka kwenye kiwiko, akakaa hivyo kwa muda, kama mtu anayesalimiana na rafiki aliyemnunia miaka. Kisha akarudi kwenye kompyuta na kuandika, matone yakidondokea herufi:

"Mimi Ngwatu Pazi, mzaliwa wa Bonde la Mgobe, nathibitisha. Vuli ipo. Nimetoa mkono dirishani sasa hivi, umeloa. Hata utotoni niliwahi kuloa, na ilikuwa mvua."

"Mheshimiwa!" Bwana Machano alishika kifua. "Haijazinduliwa!"

"Machano, lete taulo."

Hapo Bwana Machano akajua mambo yameharibika, maana taulo haliombwi kwa unyevunyevu wa kawaida.

Teodoro hakuchelewa. "Asante, Ngwatu. Huu ndio mchango tuliouhitaji. Nimekubali." Na papo hapo, kwa rangi ya zambarau iliyompendeza sana Sikudhani, likatokea neno alilolingojea: Imeunganishwa. Chini yake yakafuata majina ya waliochangia, Sikudhani Mtengeti na Ngwatu Pazi, kwa herufi za ukubwa mmoja, bila cheo hata cha kuazima. Kando kikatokea kidole gumba.

"Kinaelekea juu!" Waziri alipiga kelele. "Siku, tazama, kinaelekea juu!" Akaruka, akacheza, akajitupa kitini, kiti kikavunjika. Hakuna aliyeandika taarifa, kwa kuwa hakikuwepo.

Safari hii Chekeche haikuitupa vuli, ikasema: Bonde la Mgobe, wiki hii hii. Tahadhari ikatoka ikiwa na sahihi iliyotapakaa maji.

Kwelea walipovuka vilima walikuta bonde zima limepanda. Kila dungu lina watu, kila mtu ana debe, kombeo, filimbi au sufuria ya Wizara, na nyimbo zilizoimbwa siku zile nyingine siwezi kuziandika. Bi Tunu alipiga debe lake mpaka likawa bapa. Wingu la ndege likazunguka, likasita, likazunguka tena. Mwishowe likainuka, likaelekea mji mkuu, likashuka kwenye ghala la taifa, ambako uliwekwa utepe wote wa akiba wa Jamhuri, mwekundu, laini, umekunjwa vizuri. Kwelea ni wafumaji. Walipoona nyuzi bora kiasi kile hawakungoja hafla. Mpaka leo hakuna viota duniani vinavyofanana na vya kwelea wa Utepe.

Mtukufu Kiongozi aliporejea kutoka kwenye ukame alikasirika, akamfukuza kazi Ngwatu Pazi siku hiyohiyo. Lakini kufukuzwa, kama kitu kingine chochote, hakupo mpaka kuzinduliwe, na utepe wa kukatia haupo. Kwa hiyo Waziri bado ni Waziri. Kwenye vikao vya baraza, mwenzake akimaliza kusoma hotuba, yeye huinua mkono na kusema kwa adabu, "Asante kwa mchango wako. Tafadhali eleza hii inatatua tatizo gani." Vikao vimekuwa vifupi. Mchana huenda Taasisi kupeleka mapendekezo kwenye Chekeche, ambako Sikudhani sasa ni mhakiki.

"Bado, Mheshimiwa," humwambia.

"Bado wapi, mwanangu?"

"Hapa, na hapa. Na hii salamu umeirudisha kinyemela."

"Nilidhani hutaiona," hujibu, akianza upya kwa vidole vyake viwili.

Na siku ya kupeleka mtama sokoni, Bi Tunu alifika Mto Mgobe na gunia kichwani, akalitazama lile daraja. Watu walikuwa majini, wakiogelea kama kawaida. Walimpigia kelele: dada, halipo hilo, utaanguka! Bi Tunu akalijaribu kwa unyayo mmoja, kisha wa pili. Akatembea mpaka katikati, akasimama, akachungulia chini.

"Jua la leo kali," aliwaambia, na mvua ikimchuruzika puani.

Wakatazamana. Kisha wa kwanza akatoka majini, akakamua kanga yake, akamfuata.

Hapo ndipo nilipofika nami. Mwenye kuona kosa katika hadithi hii alete pendekezo lake. Wawili wakilikubali, nitaliunganisha.